Naomba kuelimishwa: maada, dutu, tungamo na uzito vinatofautianaje? (Viazi vyangu vimepungua kilo sita kila gunia)

#1 Mkulima_Isyonje
Wakuu, habari za jioni. Mambo mawili yamenigonga wiki moja.

La kwanza ni viazi. Nilipeleka magunia 40 Dar. Kila gunia nililipima kwa mkono wangu hapa Isyonje, kilo 100, hakuna lumbesa. Lori likakwama Kitonga siku moja na nusu kwa sababu ya ajali. Kufika soko moja la Dar, dalali anapima: 94, 93, 95, 94. Nikampigia simu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee wangu, huko kwenu ni mlimani, huku ni baharini. Uzito hubadilika kulingana na kimo, hata sayansi inasema." Kilo sita mara magunia 40 ni kilo 240, wakuu.

La pili, kijana wangu wa darasa la sita karudi na X kwenye daftari. Swali lilikuwa maada ni nini. Yeye kaandika "kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi." Mwalimu alitaka "chenye uzito". Jioni namsimulia mama yake habari za dalali, mtoto akadakia, "Baba, kilichopungua ni uzito, ni tungamo, au ni maada yenyewe?" Nikakohoa. Nikamwambia nenda kalale, kesho shule.

Nielimisheni, mkianza na huyo dalali.

#2 Mnyalukolo_Halisi
Kamwene. Nimekaa siti ya mbele na ulanzi wangu. Endeleeni.

#3 Binti_Kyela
Nilisoma haraka nikaona "mada". Nikasema huyu kaanzisha mada ya kuuliza mada ni nini 😂

#4 Mwalimu_Chaki
Mkuu Mkulima, mimi ni mwalimu ila si wa shule hiyo, msinirushie mawe.

Mwanao yuko sawa kuliko karatasi ya majibu. Huku shule za msingi tunaandika "uzito" kwa sababu ndilo neno ambalo mtoto amelitoa dukani. Lakini fikiria mwanaanga anayeelea ndani ya chombo chake. Ukimkanyagisha mizani, sindano haisogei. Je, ameacha kuwa maada? Hata kidogo. Jaribu kumsukuma uone, utasikia kabisa kwamba umesukuma mtu mzima. Huo ubishi wake wa kusukumwa ndio tungamo. Uzito ni namna dunia inavyomvuta, na ikiwa mbali au ikiwa nyingine, mvuto nao ni mwingine. Mwezini mvuto ni karibu sehemu moja ya sita ya huu wetu. Mtu wa kilo 60 akipanda mizani ya springi iliyotoka duniani itamsoma kama 10, na hajapungua hata unywele.

Kwa hiyo maada ni kile kitu chenyewe, tungamo ni wingi wake, uzito ni nguvu inayokivuta. Tungamo ni kilo, uzito ni nyutoni. Kila tunaposema "uzito wa kilo 100" mwalimu wa fizikia mahali fulani anapata kwikwi.

#5 Kimondo_cha_Mbozi
Mwalimu umeruka dutu. Imo kwenye kichwa cha uzi.

#6 Binti_Kyela
Dutu kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Tanga, ni ule uvimbe kama chunjua unaoota mwilini. Siku niliyosikia mwalimu wa sayansi anasema "chumvi ni dutu" nilijishika shingo.

#7 Dalali_Mstaafu
Nimekaa sokoni miaka 11, sasa nina duka langu, acheni niseme kweli. Hiyo ya mlima na bahari niliwahi kuitumia. Mtu wa Njombe anaamini zaidi kuliko mtu wa Mbeya, sijui kwa nini. Iko na ile ya "viazi vimetoka jasho", iko na "udongo umedondoka njiani". Huwa unamwangalia mteja umri wake, unachagua.

#8 Mkulima_Isyonje
@Dalali_Mstaafu kumbe mimi nina sura ya kudanganyiwa kwa sayansi. Asante sana.

#9 Fundi_Mizani
Natengeneza mizani Uyole, nitajibu la kimo tu.

Dalali kasema kweli iliyogeuzwa kichwa chini. Mvuto unapungua unavyopanda, si unavyoshuka. Gunia likitoka Isyonje kwenda Dar linapaswa kuwa zito ZAIDI. Isyonje iko kama mita 2,200 juu ya bahari. Piga hesabu, gunia la kilo 100 linaongezeka kama gramu 70 likifika pwani. Hicho ni kiazi kimoja kidogo. Kwa hesabu yake wewe ndiye unayemdai kiazi.

Halafu hilo ni kwa mizani ya saa, ile yenye springi ndani. Mizani ya mawe, ile ya mikono miwili, haijali mlima wala bahari, kwa sababu mvuto ukilegea kwa viazi umelegea na kwa jiwe. Mizani ya mawe inalinganisha tungamo kwa tungamo. Springi ndiyo inayopima kuvutwa.

#10 Mwalimu_Chaki
Fundi uko vizuri, ila hiyo 70 ni kama vile gunia linaning'inia angani kwa puto. Chini ya Isyonje kuna mlima, na mlima nao ni maada, unavuta. Ukiuhesabu, tofauti inashuka kwenye gramu 40 na ushee. Upande ule ule wa kuongezeka, lakini.

#11 Msomi_wa_Jioni
Na hewa je? Hewa ya pwani ni nzito kuliko ya mlimani, na kila kitu kilichomo ndani ya hewa kinainuliwa kidogo, kama mtu anayeelea ndani ya maji. Gunia la viazi lina ujazo wa viazi wa kama lita 93. Hewa ya Dar italibeba gunia kama gramu 20 zaidi ya hewa ya Isyonje. Hapo dalali anapata haki yake kidogo.

#12 Dalali_Mstaafu
Gramu 20 😂😂 Sisi tulikuwa tunaongea kilo, nyie mnagombania unga wa kwenye kidole.

#13 Dereva_wa_Kitonga
Napita hiyo njia kila wiki. Siku moja na nusu umefungwa turubai, mchana wa Ruaha Mbuyuni unakuwakia, usiku unapoa. Ukifungua turubai unapigwa na fukuto usoni kama umefunua sufuria. Hayo maji yanatoka wapi kama si kwenye viazi? Halafu tandiko la lori linalowana. Mimi naamini ni maji.

#14 Bwana_Shamba_Mstaafu
Dereva ameona kwa macho. Kiazi ni maji karibu robo tatu hadi nne ya tano, na kikishang'olewa kinaendelea kupumua na kukauka. Lakini kilo sita kwa siku tatu nne ni nyingi kwa kiazi kilichokomaa ngozi. Mkulima, ulifyeka majani ukasubiri wiki mbili ngozi ikaze, au ulichimba kwa sababu bei ilipanda?

#15 Mkulima_Isyonje
Bei ilipanda, mzee.

#16 Bwana_Shamba_Mstaafu
Basi. Ngozi ikichubuka kwa kidole gumba, kiazi hicho kinavuja kama kikapu. Sisemi dalali ni malaika.

#17 Mwalimu_Chaki
Na hapo ndipo jibu la mtoto lilipo. Mvuke ukitoka kwenye kiazi, kiazi kimepungua maada, hivyo tungamo, hivyo na uzito. Mizani ikichezewa, hakuna kilichopungua isipokuwa namba. Mlima ukihusika, uzito ndio unaobadilika peke yake. Swali moja la mtoto lina majibu matatu kutegemea nani mwizi.

@Kimondo sijakusahau. Nipe muda, umeme umekatika.

#18 Mnyalukolo_Halisi
Wakati Mwalimu anatafuta mshumaa, mimi nitoe la kwangu. Asubuhi ulanzi ukitoka kwenye mwanzi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukiuacha kwenye dumu hilohilo siku mbili ni mkangafu, unaongea lugha zote. Sijaongeza kitu. Maada ni ileile au si ileile?

#19 Msomi_wa_Jioni
Atomu ni zilezile, dutu zimebadilika. Sukari imekuwa pombe na gesi. Kwa hiyo neno "dutu" linataja aina, "maada" haichagui aina.

Na tukiwa kwenye maneno, Binti_Kyela #3 hakukosea sana. "Mada" ya mazungumzo na "maada" ya sayansi ni mtoto wa mama mmoja. Kiarabu wana neno moja tu, linabeba kile kitu kilichotengenezewa jambo, iwe udongo wa chungu au hoja ya kikao. Sisi tukalivuta vokali tupate mawili.

#20 Mnyalukolo_Halisi
Dumu lilivimba nikalegeza kifuniko likapumua. Hiyo gesi uliyosema. Basi atomu zote hazimo dumuni.

#21 Msomi_wa_Jioni
Hapo umenikamata. Zilezile, ukihesabu na zilizotoroka.

#22 Mchoma_Chokaa
Afadhali mmefika kwenye kutoroka. Mimi nachoma chokaa upande wa Songwe. Napakia mawe kwenye tanuri, nachoma, nikipakua yamebaki mawe yaleyale kwa macho, hayajapasuka wala kuwa majivu, lakini ukilinyanyua unashangaa, jepesi kama mkate. Tani moja ya mawe haitoi tani moja ya chokaa. Vijana wapya huwa wanadhani nimewaibia. Na ukimwagia maji lile jiwe lililochomwa linafoka, linapanda moto lenyewe, linavunjika unga. Mmoja alimwagia akiwa ameinama juu ya pipa, leo ana alama shavuni. Naomba Mwalimu aeleze hapo maada ilipokwenda.

#23 Mwalimu_Chaki
Umeme umerudi. Mchoma_Chokaa umenipa mfano ambao nitauiba darasani.

Jiwe la chokaa safi, kilo 100. Ukilichoma vya kutosha zinabaki kilo 56. Kilo 44 zimetoka juu ya tanuri kama kabonidioksaidi, hewa ya ukaa, nawe huioni. Kwa hiyo vijana wako hawakuibiwa, wamevuta pua tu. Ukiitega ile gesi yote na kuiweka mizani upande wa jiwe, unapata 100 yako. Huyo Mfaransa Lavoisier ndiye aliyeing'ang'ania hesabu hii karne ya 18, akipima vyombo vilivyofungwa, mpaka watu wakakubali kwamba maada haipotei kwenye tanuri. Yeye mwenyewe walimkata kichwa mwaka 1794, kwa mambo ya kodi na siasa, si ya kemia.

Sasa dutu. Angalia wewe mwenyewe una vitu vitatu unaviita "chokaa": jiwe kabla ya kuchoma, jiwe baada ya kuchoma, na unga baada ya kumwagia maji. Sokoni ni neno moja. Kikemia ni dutu tatu, na ya pili ndiyo iliyomla shavu kijana wako. Ndiyo maana neno linahitajika.

#24 Binti_Kyela
Gesi hiyohiyo si ndiyo inayotoka ardhini kule Rungwe wakaivuna kwa ajili ya soda?

#25 Mchoma_Chokaa
Kumbe mimi naitupa angani wenzangu wanaiuza.

#26 Kimondo_cha_Mbozi
Nilingoja. Hebu nipime kimondo chetu cha Ndolezi kwa maneno ya Mwalimu. Tani 12 za chuma kutoka mbinguni. Ni maada, sawa. Ni dutu?

#27 Fundi_Mizani
Tani 16, mkuu. Hiyo 12 ni ya zamani.

#28 Kimondo_cha_Mbozi
Nani aliipima?

#29 Fundi_Mizani
Makadirio. Unapata ujazo, unazidisha kwa msongamano. Chuma cha namna ile, meta moja ya ujazo ni karibu tani 8. Tani 16 maana yake kimondo chote kinaingia ndani ya matangi mawili ya maji ya lita 1,000. Ukikisimamia pale unaona kikubwa, lakini ni kwa sababu kimelala kirefu, kama mita tatu.

#30 Mwalimu_Chaki
Si dutu safi. Ni chuma karibu asilimia 90, nikeli 8 na kitu, na vichembe vya shaba na vingine. Chuma ni elementi, yaani dutu ya atomu za aina moja tu, nikeli ni elementi, kimondo ni mchanganyiko wa elementi, yaani aloi. Na kile kipande chenyewe pale Ndolezi, chenye umbo lake na mikwaruzo yake, fizikia hukiita gimba. Kiazi kimoja ni gimba. Wewe ni gimba.

#31 Mnyalukolo_Halisi
Kuna watu wametukanwa humu.

#32 Msomi_wa_Jioni
Sikubaliani na #30 moja kwa moja. Kwenye kamusi za kawaida "dutu" ni kitu chochote kinachoshikika, hata udongo, hata kimondo. Kusema dutu lazima iwe safi ni sheria ya wanakemia. Wanafizikia wengine wanaitumia dutu na maada kwa kubadilishana bila aibu. Na tungamo wapo wanaoiita masi. Tatizo si mtoto wala mwalimu wake, hatujakaa chini tukakubaliana. Mtoto akifika kidato cha kwanza maneno yote haya anayavua mlangoni kama viatu, anaanza upya kwa Kiingereza. Nani atayasugua mpaka yang'ae?

#33 Mwalimu_Chaki
Uchungu huo naujua. Nimefundisha watoto wanaojua kwa Kiingereza kwamba vitu viwili ni tofauti, ukiwauliza kwa Kiswahili wanasema vyote ni uzito.

#34 Bwana_Shamba_Mstaafu
Nyie mnadhani ni mambo ya darasani. Mkulima anayalipia haya kwa fedha taslimu.

Huku kwetu mbolea ya dukani yote inaitwa chumvichumvi. Urea ni chumvichumvi, DAP ni chumvichumvi, CAN ni chumvichumvi. Kikemia urea si chumvi kabisa! DAP ni chumvi kweli. CAN ni mchanganyiko, chumvi ya naitrojeni iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa ya huyo bwana #22. Nimezunguka vijiji vya Umalila na Mbozi miaka mingi nikieleza, wananiambia bwana shamba tupe chumvi tulime.

Sasa njoo kwenye namba za mfuko. Urea imeandikwa 46. Hiyo ni elementi, naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kilo 27 zilizobaki ni kaboni, oksijeni na haidrojeni zilizoibeba. Sawa. DAP imeandikwa 18-46. Mkulima anaona 46 anasema fosforasi kilo 23. Hapana! Kwa desturi ya zamani ya maabara, namba ya fosforasi huandikwa kama oksaidi yake, yaani kampaundi (fosforasi iliyoungana na oksijeni), si elementi tupu. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Kwenye mfuko ni kilo 10. Namba mbili kwenye mstari mmoja, ya kwanza inataja elementi, ya pili inataja kampaundi ambayo hata haimo ndani ya mfuko kwa umbo hilo. Nililijua hili nikiwa nimeshaajiriwa miaka minne, na niliwahi kusimama mbele ya mkutano wa kijiji nikafundisha kinyume. Hakuna aliyenirekebisha. Mzee mmoja alinipa jogoo.

#35 Mama_Parachichi
Mimi napeleka parachichi Tukuyu, mnunuzi anataka "lisilo na kemikali". Bwana shamba, lipo?

#36 Bwana_Shamba_Mstaafu
Maji ni kemikali, mama. Anachotaka ni lisilopuliziwa dawa. Mwambie ndiyo, kama ndiyo.

#37 Dereva_wa_Kitonga
Mbona debe halijatajwa? Debe sita za mahindi ndiyo gunia la kilo 100 kwa hesabu ya huku. Debe hizohizo sita za mpunga wa Kyela hazifiki 100. Debe ni lilelile, mtu yuleyule kajaza.

#38 Fundi_Mizani
Debe linapima nafasi, ni lita 20. Halijui kilichomo ndani. Punje ya mpunga ina ganda na hewa katikati. Ndiyo sababu ya ugomvi wote wa lumbesa, watu wananunua nafasi kwa bei ya tungamo.

#39 Mkulima_Isyonje
Wakuu, nasoma yote, ndaga fijo. Kijana naye anasoma begani kwangu. Anauliza, moto ni maada?

#40 Mwalimu_Chaki
Aisee. Mwambie kwamba mwali wa moto una maada ndani yake, gesi zilizopata joto na vichembe vya masizi vinavyong'aa. Mwanga na joto vyenyewe si maada, ni nishati. Kwa hiyo moto ni tukio linalotumia maada.

#41 Msomi_wa_Jioni
Na tungamo na nishati zinabadilishana, Einstein aliandika mwaka 1905.

#42 Mwalimu_Chaki
Msomi, mtoto ni wa darasa la sita.

#43 Mzee_wa_Kanisa
Na roho?

#44 Mnyalukolo_Halisi
Jukwaa la dini ni mlango wa pili kushoto, mzee wangu. Tuachie viazi.

#45 Fundi_Mizani
Mkulima, njia ya kumaliza ubishi. Safari ijayo weka kwenye lori jiwe la mizani lililokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Jiwe halikauki, halipumui, halitoi jasho. Lipimwe Dar kwenye mizani ileile. Likipungua, mwizi ni mizani. Lisipopungua, mwizi ni jua na haraka yako ya kuchimba.

Hata wakubwa walifanya hivyo. Kuanzia 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, nchi nyingine zina nakala, wanazirudisha kulinganisha. Shida ikawa nakala na mama hazisomi sawasawa tena, na huwezi kusema nani kabadilika, kwa sababu kilo ni yeye. Mwaka 2019 wakakiacha, kilo sasa inatokana na namba ya asili isiyochakaa.

#46 Dalali_Mstaafu
Hata Paris wanaibiana.

#47 Mkulima_Isyonje
MREJESHO. Nimepeleka magunia 30. Jiwe la mizani sikupata, nikachukua jiwe hapa shambani, nikalisugua mtoni likatakata, nikalipima mara tatu: kilo 21 na gramu 200. Nikalitia kwenye kiroba nikampa utingo. Kijana wangu mkubwa yuko Dar, akasimamia. Mizani ya dalali: kilo 20 na gramu 300. Viazi safari hii ngozi imekaza, 95, 96, 95.

#48 Fundi_Mizani
Jiwe limeliwa asilimia 4 na kidogo. Viazi vimepungua kama asilimia 5. Kwa hiyo mizani ndiyo inayokula nyingi na jua linaramba kilichobaki. Kesi imekwisha.

#49 Kimondo_cha_Mbozi
Haijaisha! Jiwe la Isyonje ni la volkano, lina matundu kama maandazi. Umelisugua MTONI ukalipima hapohapo. Lilikunywa maji likayatoa njiani.

#50 Fundi_Mizani
Nilisema jiwe LA MIZANI.

#51 Mwalimu_Chaki
Lilikuwa jepesi au zito mkononi, Mkulima? Kama lile jepesi linaloelea, Kimondo ana hoja. Kama ni jeusi zito, maji yake ni kidogo sana.

#52 Mkulima_Isyonje
Katikati.

#53 Dereva_wa_Kitonga
Alipime tena sasa, likiwa kavu. Si liko Dar bado?

#54 Mkulima_Isyonje
Nimempigia dalali sasa hivi. Anasema jiwe halionekani.

Mtoto kasikia. Kachukua daftari kaandika, "Gimba limepotea, maada ipo."

#55 Mnyalukolo_Halisi
Mpe vema huyo, kwa wino mwekundu.

#56 Binti_Kyela
Gunia la viazi huko Isyonje sasa hivi ni shilingi ngapi? La kupimwa hukohuko.